Kadi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu wa Kilatini alifanya marudio kwa njia moja, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumwuliza kwa nini. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani wa wanaoanza aliingia darasani na bati la biskuti kwapani, akaliweka mezani, akabandua kifuniko kwa ukucha wa kidole gumba na kutoa rundo la kadi. Upande mmoja wa kila kadi palikuwa na neno la Kilatini kwa wino wa bluu, upande wa pili maana yake. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kila moja alikuwa ameikata mwenyewe kwa rula na wembe na kuiandika kwa mkono wake. Aliinua kadi, mwanafunzi akataja maana. Akikosa, kadi ilirudi chini ya rundo. Akipata, iliwekwa kando. Marudio yalikwisha rundo lilipokwisha, si kengele ilipolia.

Chuo kilikuwa cha watunza nyaraka. Wanafunzi walikuja kujifunza kupanga majalada, kukarabati karatasi zilizoliwa na mchwa, na kusoma madaftari ya kale ya ubatizo, ndoa na mazishi, ambayo makarani wa zamani waliyaandika kwa Kilatini. Ndiyo maana Kilatini kilikuwa somo la lazima. Asiyekijua angeweza kuunganisha ukurasa uliopasuka bila kujua kama ameunganisha harusi ya mtu au maziko yake.

Jumatatu hiyo darasa lilikuwa na watu kumi na tisa na feni mbili, moja ikifanya kazi. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na saba na magoti ya mtu wa sabini. Aliketi, akainua kadi ya kwanza.

"Redio."

Redio alikuwa kijana wa dawati la nyuma kabisa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Naam, Mwalimu."

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni kadi, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, kila mwaka alikuwapo mtu wa kulitoa jibu hilo.

"Neno lenyewe linasema mensa."

"Ungesema mapema. Meza."

"Umebahatisha."

"Bahati nayo ni elimu, Mwalimu, ila haijasajiliwa."

Alizunguka darasa zima hivyo, huyu akipata, yule akikosa, mpaka akafika kwa Shangazi. Hapo aliketi vizuri kama mtu aliyefika sehemu ya barabara iliyotiwa lami.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili ambaye wenzake wa kumi na minane walimbandika jina hilo kwa kuwa huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika darasa lilelile. Alijibu kadi ikiwa bado inapanda kutoka mezani. "Mfalme. Shamba. Baharia. Mjane. Upanga." Kadi ishirini na sita, hakukosa hata moja.

"Shangazi, tuachie na sisi," Redio alilalamika. "Utaimaliza lugha ya watu."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lililomchosha mwalimu kuliko magoti. Katika marudio hapakuwa na wa kumshinda Shangazi. Katika mtihani, mwaka wa kwanza alipata ishirini na moja kwa mia, mwaka wa pili ishirini na nne. Alama ya kufaulu ilikuwa arobaini. Mara zote mbili mwalimu alipanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa chuo kumtetea, akisema, "Anajua kila kitu. Ni woga tu wa karatasi." Mara zote mbili mkuu aliandika neno woga kwenye kumbukumbu za kikao na kumruhusu arudie. Lakini kanuni ya chuo ilisema mara tatu. Anayeanguka somo la lazima mara ya tatu hufutwa, hata kama masomo mengine yote ameyapita. Na Shangazi alikuwa ameyapita yote. Katika karakana ya ukarabati hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Angeweza kuangalia vipande kumi vya ukurasa na kukwambia vitatu vimetoka kwenye daftari jingine, kwa rangi ya ukingo tu.

Darasa lilipotoka, alibaki.

"Mwalimu, safari hii nikianguka, basi tena. Narudi nyumbani."

"Huwezi kuanguka."

"Hata mwaka jana ulisema."

"Hata mwaka jana ulikuwa unajua. Ijumaa ukipewa karatasi, usiandike kwanza. Vuta pumzi mara tatu."

"Nilivuta, Mwalimu. Nilivuta mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nina pumu."

Mwalimu alifunika bati na kulirudisha kabatini.

Usiku huo bomba la sinki la ghorofani lilipasuka. Jumanne asubuhi sakafu ya darasa ilikuwa kavu kabisa, kwa sababu maji yote yalikuwa yameteremka ukutani, yakaingia kabatini kutoka juu, na kupenya kifuniko hadi ndani ya bati. Mwalimu alipolibeba lilikuwa zito kama ndoo. Alifungua. Maji yalikuwa ya bluu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Redio alisema kutoka nyuma, "ila haya yamezoleka vizuri sana."

Wengine walikuwa wakijitahidi wasionekane kufurahi. Shangazi peke yake alisogea mezani, akaingiza vidole viwili ndani ya maji, akaipima kadi ya juu kwa unene wake.

"Karatasi ni nzuri, Mwalimu. Nipe nizikaushe karakanani. Usizitenganishe kwa mkono, utazichana."

Alilichukua bati, na mwalimu akafundisha vitenzi ubaoni mpaka saa sita, chaki ikimwishia mkononi.

Mchana alishuka karakanani. Shangazi alikuwa amezitandaza kadi kwenye meza nne ndefu, juu ya karatasi za kufyonza maji, kwa mistari iliyonyooka. Wino ulikuwa umekwenda. Kwenye kadi chache kulibaki kivuli cha herufi moja au mbili. Nyingi zilikuwa tupu pande zote, na kilichoonekana ni uzee wake tu, yaani madoa, mikunjo na kingo zilizochakaa.

"Nimezipanga kwa alfabeti," Shangazi alisema. "Ili ukiziandika upya usihangaike."

"Umezipangaje na hazina maneno?"

"Si nazijua?" Aligusa moja kwa ncha ya kibano. "Hii ni shamba, ina kona iliyokatika. Hii yenye duara la kikombe ni mfalme. Hii ni upanga, pana alama ya meno hapa. Kuna mtu wa mwaka juzi alikuwa na njaa. Mjane ni ile iliyokunjwa katikati. Baharia ina mafuta, ukiiinua kwenye mwanga unaona mpaka upande wa pili."

Alipita meza ya kwanza, akaanza ya pili, akizitaja tupu moja baada ya nyingine bila kusita. Kwa muda wa dakika mbili hivi mwalimu alifurahi. Kumbukumbu ya namna ile hakuwahi kuiona kwa mwanafunzi yeyote, na furaha hiyo aliikumbuka baadaye kwa aibu. Kisha ikamjia shaka.

Alikwenda kwenye rafu, akachukua kipande cha karatasi safi, akatoa kalamu mfukoni na kuandika neno moja. Akamwekea mbele.

Shangazi alikishika. Hakukisoma kwanza. Alikigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakielekeza dirishani.

"Hiki ni kipya," alisema.

"Soma."

"Agricola."

"Maana yake?"

Mashine ya kubania vitabu ilisikika chumba cha pili.

"Hili halimo kwenye zile, Mwalimu."

"Limo. Agricola ni mkulima."

"Aa, mkulima!" Uso wake ulifunguka. "Mkulima si ile yenye utepe wa gundi kwa nyuma? Ipo pale, meza ya…"

Akaishia hapo. Aliiweka karatasi chini taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba alichoshika ni cha moto.

Mwalimu aliandika maneno mengine tisa. Kati ya kumi, Shangazi alipata mawili.

"Nilidhani najua," alisema.

"Hata mimi nilidhani unajua."

Mtu anayefundishwa kusoma karatasi kwa kingo na madoa alikuwa amepewa karatasi zenye kingo na madoa, akazisoma. Hakudanganya wala hakunakili. Kwa miaka mitatu alikuwa amejifunza kwa bidii kile alichowekewa mbele ya macho, na aliyekiweka mbele ya macho yake ni mwalimu mwenyewe.

Jioni hiyo mwalimu aliifikia nyumba yake akiwa na rejista ya matokeo mkononi. Mkewe, aliyewahi kuwa muuguzi kwa miaka thelathini, alimwandalia chakula na kumwona akila kwa mkono mmoja huku mwingine ukifunua kurasa.

"Baba Pacha, hicho kitabu nacho kinakula?"

Alimweleza. Kisha akamsomea, maana tarakimu zilikuwa zimeshaandikwa na hakukuwa na njia ya kuzifuta. Sehemu ya msamiati katika mtihani ilikuwa na alama arobaini. Mwaka wa kwanza wa zile kadi, wastani wa darasa ulikuwa thelathini na moja. Mwaka wa tano, ishirini na tisa. Mwaka wa kumi, ishirini na nne. Mwaka jana, kumi na saba. Haukuwahi kupanda hata mwaka mmoja.

"Na wewe ulikuwa unasema ni simu," mkewe alisema. "Kila mwaka hapa mezani. Watoto wa siku hizi, simu, simu."

"Simu zipo."

"Na madoa yapo." Alimwongezea maji kwenye bilauri. "Wodini tulikuwa na wagonjwa wanaojua tembe zao kwa rangi. Asubuhi nyeupe, jioni ya pinki. Ukimwuliza anakujibu vizuri kabisa, hata daktari anaridhika. Siku kiwanda kikibadilisha rangi, anameza za jirani."

"Mlifanyaje?"

"Tuliacha kuwauliza rangi."

Mwalimu alifunga rejista. Wanafunzi waliopita mbele ya zile kadi walikuwa zaidi ya mia tatu. Hakujaribu kukisia wangapi walirudishwa makwao. Angeweza kuhesabu, na alijua kwamba siku moja angehesabu, lakini hakuwa na nguvu hizo kwa jioni hiyo.

Jumatano saa mbili asubuhi alipanda ngazi kwa mara ya tatu kwa ajili ya mtu yuleyule. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, na kabla ya kuwa mkuu alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa lililozisoma zile kadi. Mpaka leo alimwita mwalimu wangu, hata alipokuwa akimkatalia.

"Karibu, Mwalimu wangu. Ni yule binti?"

"Ni yeye. Nimekuja kusema kwamba nilikudanganya mara mbili."

Aliweka rejista mezani, akamweleza kwa mpangilio, bila kupamba. Mkuu alifuata safu ya tarakimu kwa kidole mpaka chini.

"Mimi nilizisoma zikiwa mpya," alisema. "Nyeupe kabisa. Zilikuwa zinanukia wino."

"Ndiyo maana ulipata thelathini na sita ya msamiati."

"Unaikumbuka?"

"Imeandikwa hapo."

Mkuu aliisogeza rejista. "Unataka nini?"

"Mtihani wake uahirishwe. Miezi miwili. Hajawahi kufundishwa. Mara zote mbili zilizohesabiwa si zake, ni zangu."

"Kwenye kumbukumbu nimeandika woga. Mara mbili, kwa neno lako. Leo niandike nini, madoa?" Alisema bila ukali. "Kanuni ni mara tatu. Nikiipinda leo kwa sababu ya kadi, kesho nitaletewa ya mvua, kesho kutwa ya msiba. Siwezi, Mwalimu wangu. Ila adhuhuri zake za leo na kesho nakupa. Nitamwandikia ruhusa ya vipindi vingine."

"Siku mbili."

"Siku mbili ndizo nilizo nazo."

Alishuka. Ngazi zilikuwa thelathini na nne na goti la kushoto lilizihesabu zote.

Darasani aliwapa wote jaribio la mdomo, bila kadi. Alitamka neno, mwanafunzi akajibu huku amefumba macho. Watu saba walianguka kama kuta za udongo. Walikuwa wanafunzi wake wa dawati la mbele, wale wazuri. Redio alipata tisa kwa kumi.

"Wewe vipi?" mwalimu alimwuliza, kwa kuwa kweli alitaka kujua.

"Mimi kadi sijawahi kuziona, Mwalimu. Kutoka huku nyuma naona mkono wako tu. Nasikiliza wenzangu wanavyojibu, basi."

Mchana mwalimu alikaa na Shangazi karakanani na kupiga hesabu. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Msamiati arobaini, sarufi thelathini na tano, tafsiri ishirini na tano. Mwaka jana Shangazi alipata nne, kumi na tisa, na moja. Sarufi aliijua kiasi, kwa sababu majedwali yake yaliandikwa ubaoni kila siku na kufutwa kila siku, na ubao ukifutwa hauachi kona iliyokatika. Alihitaji alama kumi na sita zaidi. Maneno mia tatu na kumi na mawili hayawezi kujifunzwa kwa siku mbili. Mia na ishirini, labda.

"Tuandike kadi nyingine?" Shangazi aliuliza.

"Kadi yoyote nitakayokupa, kufika kesho jioni utakuwa umeshaijua ilipokunjika."

Hilo hakulikataa.

Ndipo mwalimu alipotazama rafu za nyuma yake. Pale palikuwa na madaftari ya mazishi na ubatizo yaliyoletwa kukarabatiwa, kumi na manane, yaliyoandikwa na makarani wasiopungua ishirini. Neno lilelile lilikuwa humo mara elfu, kila mara kwa mkono tofauti, wino tofauti, karatasi tofauti. Mmoja aliandika kwa herufi za kulala, mwingine kama sisimizi aliyetoka kwenye wino, mwingine alikuwa na mkono uliotetemeka. Doa la ukurasa mmoja halikusaidia kitu kwenye ukurasa wa pili. Kilichobaki kilekile kote kilikuwa neno lenyewe.

Alifungua daftari la kwanza. "Tafuta sepultus. Alizikwa."

Alilitafuta mara kumi, kisha ishirini. Filius, mtoto wa kiume. Uxor, mke. Dies, siku. Kila walipobadilisha daftari, Shangazi alianza na tabia yake, akigusa ukingo na kuinamisha ukurasa kwenye mwanga, na kila mara mwalimu alisema, "Mikono mezani." Kufika saa kumi alikuwa amelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba Shangazi alianza kulisema yeye mwenyewe, kwa kunong'ona.

Alhamisi adhuhuri alifika kwenye ukurasa uliokuwa na mshono mwembamba kutoka juu hadi chini. Aliutambua.

"Huu niliuunganisha mimi. Mwaka jana. Ulikuwa vipande kumi na vinne."

"Mikono mezani. Soma mstari wa tatu."

Alisoma polepole, akisimama kwenye kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Siku ya kumi na mbili… ya mwezi… alizikwa… mjane… mjane wa mkulima. Miaka sitini." Akautazama ule mshono. "Siku nne nilikaa naye, Mwalimu. Sikujua kama amekufa."

Mwalimu alisema, "Mstari wa nne."

Saa kumi na moja alimpa jaribio la maneno arobaini kwa mdomo. Alipata kumi na saba. Jasho lilikuwa limemlowesha Shangazi shingoni, na mwalimu alikuwa amepoteza sauti. Kumi na saba, na sarufi kumi na tisa kama mwaka jana, ni thelathini na sita. Nne zilizobaki zingetoka kwenye tafsiri au zisitoke.

"Nenda ukalale," alimwambia. "Na kesho usivute pumzi. Andika."

Ijumaa alisimamia mtihani mwenyewe, akitembea kati ya madawati kwa magoti yake mabovu. Alimwona Shangazi akipokea karatasi, akiigeuza, akiielekeza dirishani. Alimwona akisita. Kisha mikono yake ikashuka mezani na akaanza kuandika. Hakumtazama tena, kwa kuwa kumtazama hakukuwa na faida.

Karatasi zilikuwa na namba badala ya majina, lakini mwalimu aliujua mwandiko. Jumatatu aliisahihisha yake ya mwisho. Msamiati, kumi na sita. Sarufi, kumi na tisa. Tafsiri, tano. Alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Alizunguka nyumba, akanywa maji, akarudi, akajumlisha mara ya tatu. Arobaini.

Mkuu wa chuo alipoiona tarakimu hiyo kwenye orodha alivua miwani.

"Arobaini kamili?"

"Kamili."

"Mwalimu wangu, mimi nakuamini. Lakini wakaguzi watakapokuja na kukuta mtu wa mara ya tatu amepata arobaini, wala si thelathini na tisa wala arobaini na mbili, na msahihishaji ndiye aliyemwombea miezi miwili, watasema nini?"

"Watasema ninachosema mimi. Peleka ikasahihishwe kwingine."

Ilipelekwa, jumla yake ikiwa imefichwa, kwa mwalimu mstaafu wa Kilatini aliyekuwa akisifika kwa ukatili. Kwa siku tatu Shangazi alikuja karakanani kama kawaida, kwa kuwa hapakuwa na aliyemkataza. Alifanya kazi kimya. Redio alipita na kumwuliza kama anaishi. Alimjibu kwamba hilo litajulikana Alhamisi.

Alhamisi mkuu alimwita mwalimu. Karatasi ilikuwa mezani, na kando ya kalamu nyekundu ya mwalimu palikuwa na kalamu ya kijani ya yule mstaafu.

"Arobaini na moja," mkuu alisema.

Mwalimu alichukua karatasi. Ilikuwa kwenye tafsiri. Mahali palipotakiwa mjane, Shangazi alikuwa ameandika mwanamke aliyefiwa na mume. Mwalimu alikuwa amekata alama. Mstaafu alikuwa ameirudisha, na pembeni ameandika: Msahihishaji wa kwanza ana tatizo gani na mwanamke huyu?

"Umemnyima alama moja," mkuu alisema. "Alama ambayo nusura imfukuzishe."

"Niliiona."

"Uliiona ukakata?"

"Niliogopa kumpa."

Mkuu alichukua kalamu na kuandika arobaini na moja kwenye orodha. Katika safu ya maelezo hakuandika kitu.

Orodha ilibandikwa ukutani mchana. Redio alipata sitini na tatu, akatangaza habari hiyo kwenye korido mbili. Kati ya wale saba wa dawati la mbele, watano walipita na wawili walianguka. Mwalimu alisimama mbele ya majina ya hao wawili muda mrefu. Adhuhuri mbili alizokuwa nazo alikuwa amempa mtu mmoja. Wao ilikuwa mara yao ya kwanza, wangerudia. Hivyo ndivyo kanuni ilivyosema, na safari hii alishukuru kwamba ilikuwapo.

Shangazi alimkuta darasani. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya kahawia na utepe.

"Mwalimu, nimezimaliza."

Alifungua. Zilikuwa kadi zake za zamani, zimekaushwa, zimenyooshwa kwa mashine, kona zilizokatika zimeungwa kwa karatasi nyembamba kiasi kwamba mshono haukuonekana mpaka uutafute. Kazi ilikuwa safi kupita kiasi. Zote mia tatu na kumi na mbili hazikuwa na neno hata moja.

"Ahsante, binti."

"Utaziandika tena?"

"Hapana."

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyelala siku nzima na bado ana usingizi. "Mkulima bado naiona, ujue. Hata bila utepe."

"Agricola," mwalimu alisema.

"Hilo nalo nalijua." Akaondoka.

Mwalimu alizirudisha kadi tupu kwenye bati na kulisukuma mwisho wa kabati. Kisha alivuta karatasi nene, rula na wembe. Alikuwa ameamua kwamba kila mwaka kutakuwa na kadi mpya na za zamani zitachanwa, na kwamba angeziandika kwa miandiko zaidi ya mmoja, hata kama ingembidi ashike kalamu kwa mkono wa kushoto. Kustaafu kwake kulikuwa kumebaki miaka mitatu. Mia tatu na kumi na mbili mara tatu ni mia tisa thelathini na sita.

Alikata ya kwanza, akaandika neno, akaipuliza. Alipoiinua aliona kidole gumba chake kimeacha alama ya wino kwenye kona, ndogo, ya duara.

Aliitazama. Akaichana vipande vinne, akakata nyingine. Mia tisa thelathini na saba.